Kaskazini Ipi

Baba alishanichagulia: chuo cha Kisumu, chenye vioo,
kile ambacho jina lake likitajwa kanisani Mbale
benchi nzima hugeuka.
Nikasema nitakwenda kuona kwanza.
"Uone nini? Chuo ni chuo."
Lakini hata mchumba huchunguzwa ukoo,
na mimi hapa naolewa miaka mitano.

Nilibeba swali moja tu, la kijinga,
nimelikunja kama noti ndani ya soksi.
Nitaliuliza kila mahali, uso mkavu:
Samahani, kaskazini ni upande gani?

Kisumu, lifti ilinipandisha ghorofa ya sita.
Sakafu inang'aa, nikaviona viatu vyangu mara mbili.
Wanafunzi wameziba masikio kwa nyaya,
wanapishana bila kugusana
kama hesabu zilizokwisha kusahihishwa.
Dada wa mapokezi alinisikiliza hadi mwisho,
akatabasamu tabasamu la kazini,
akanipa kijitabu cha rangi.
Nilikisoma chote nikirudi.
Kaskazini haimo.

Kakamega walicheka.
Wee! Walicheka hadi Kadenyi, ambaye sijawahi kumwona,
akanishika bega asianguke.
Vidole vinne vikaelekea pande tatu,
cha nne kikaelekea mbinguni.
Nikanunuliwa chapati na maharagwe,
nikaulizwa mama ametoka kwa nani,
na kufikia saa nane nilikuwa na shangazi wawili
na kiti katika kwaya.
Ningeweza kukaa pale hadi leo.
Nikaomba kuona vyombo vya upimaji ardhi.
Vipo, wakasema, kabatini. Ufunguo anao Visero.
Visero yuko likizo.
Tangu lini?
Wakacheka tena. Safari hii nilichelewa kucheka.

Njoro, baridi ya kukata sentensi katikati.
Hakuna aliyeniuliza mama ametoka kwa nani.
Kabichi mchana, na jioni harufu ya kabichi.
Nyuma ya zizi, vijana sita wenye gambuti
wamekizunguka chombo cha miguu mitatu,
msichana mmoja akasoma pembe, akakosea.
Nikangoja kicheko.
"Rudia," mwalimu akasema.
Akarudia, akakosea.
"Rudia."
Hakuna aliyetazama saa.
Ndipo nikalitoa swali langu soksini.
Bi. Jelagat hakutabasamu. Akafuta kamasi ya baridi,
akaniangalia kama mtu aliyesikia hodi.
"Kaskazini ipi?"

Kumbe ziko tatu:
ile ya kweli, ile ya sumaku, ile ya ramani,
na hazipatani.
"Watu," akasema, "hupelekana kortini
katikati ya hii na ile."
Nikakumbuka robo ekari yetu,
na baba na Kegode wanaosalimiana kwa kukohoa
tangu jiwe la mpaka lilipotembea hatua mbili
usiku ambao kila mmoja anasema alikuwa amelala.

Sasa niko saiba, Mbale, usiku wa mwisho.
Chaguo la kwanza. La pili. La tatu.
Nimeandika Njoro juu. Nimeifuta.
Nimeandika Kakamega, kwa sababu ya lile bega,
kwa sababu kula kabichi peke yako miaka mitano
si mchezo, na mimi si jiwe.
Nimefuta.
Baba amepiga simu: "Umeweka Kisumu?"
"Nimeiweka."
Hakuuliza namba ngapi.

Njoro, juu. Basi.

Kijana anafagia chini ya miguu yangu kwa makusudi.
Kompyuta inauliza: Una uhakika?
Visanduku ni viwili, ndiyo na hapana.
Hakuna cha kuuliza
uhakika upi.

Nimebonyeza.
Deni la saiba ni shilingi thelathini.
Nina ishirini na tano.